Panya wa Ngazi ya Kumi

Rafiki yangu ni wakala wa forodha hapa mpakani Tunduma. Kila Jumamosi tulikuwa tunacheza mchezo wa mezani: unasimulia vituko vya shujaa wako, na dadu inaamua kama ameshinda. Mwongozaji wetu, mwalimu wa hesabu kutoka Mbozi, aliweka kanuni moja: kila ukipanda ngazi, nguvu zako zinakuwa maradufu.

Shujaa wa rafiki yangu alianza kwa kulinda ghala la kahawa, na kuua panya mmoja kulitaka apate sita. Ngazi ya kumi ikamkuta ananyanyua lori na mzigo wake. Basi tukalazimika kumwita Mheshimiwa! Akarudi ghalani kwa madaha, akarusha dadu, akapata tano.

"Umemkosa," alisema mwalimu. "Na panya nao wamepanda ngazi."

"Sasa Mwalimu, mimi nimepanda ili iweje?"

Mwalimu akamrudishia dadu.

Jumatatu rafiki yangu Mheshimiwa akaniita ofisini kunitambia cheo kipya: wakala mwandamizi. Dirishani kwake foleni ya malori ilikuwa haina mwisho, na yote sasa yanamsubiri yeye.

"Hongera," nikamwambia. "Naona panya nao wamepandishwa."