Fahali wa Nyuma ya Kabati

Mdomo wangu ndio uliniingiza kwa hayo maneno. Tulikuwa tumekaa kwa boma ya baba ya msichana nilitaka kuoa, huku Bungoma, tunaongea mahari. Mzee akasema anataka fahali moja ya maana. Wajomba zangu wakaanza kuangaliana. Mimi nikaruka: "Mzee, nitakuletea kama ile niliona kwa picha, kwa mzungu wa Kitale!"

Kwa huyo mzungu nilikuwa nasugua sakafu, zamani kidogo. Picha ilikuwa kubwa, ya rangi, lakini kabati ya sahani ilifunika nusu. Mimi nilijua kichwa na shingo peke yake: mwekundu, paji la uso jeupe, pembe zimekunjika mbele. Sehemu ya nyuma nilijijazia mwenyewe.

"Nundu je?" mzee akauliza.

"Kama mlima Elgon."

"Na mkia?"

"Unafagia chini, mzee."

Msichana alikuwa anapita na chai. Nikaona anauma mdomo asicheke.

Mzee yeye hakucheka. Kwetu ng'ombe haitajwi ovyo. Mtu anajua ya jirani kwa rangi na pembe hata ikipita mbali. Akasema, "Nataka kuiona hiyo picha. Kama iko, lete ng'ombe kama hiyo, na msichana ni wako. Kama ni uongo, tafuta boma ingine."

Tangu hapo, kila nikijaribu kukumbuka ile picha, pembe zinaongezeka.

Bahati, tukasikia mzungu anahama, vitu vyake vinauzwa kwa mnada. Nikapakia mzee kwa baisikeli. Hata kwa mlima alikataa kushuka.

Tukakuta picha zimepangwa kwa nyasi, zimeegemea viti.

"Ni hii?"

"Hiyo ni farasi, mzee."

"Na hii?"

"Huyo si ni mama ya mzungu!"

"Hana pembe," mzee akasema. "Twende mbele."

Halafu nikaona lile paji jeupe. "Ndiyo hii!" Nikapiga kelele mpaka wazungu wakageuka. Sasa ilikuwa nzima, bila kabati. Mgongo umenyooka kama meza.

Mzee akachuchumaa, akaikagua kutoka mdomo mpaka mkia, kama mtu ako sokoni.

"Nundu iko wapi?"

"Labda imeteremka, mzee."

"Imeteremka kweli. Imefika hapa." Akaweka kidole chini ya tumbo. "Hii ni kiwele, kijana. Fahali yako ni jike. Tena angalia hili tumbo. Ako na mimba."

"Lakini mzee, hii si ni picha tu!"

"Ulisema utaleta kama hii. Picha iko, hukunidanganya." Akasimama, akapanguza magoti. "Lete."

Nilizunguka mpaka nikapata: mtamba mwekundu, paji jeupe, mimba kubwa. Mzee akacheka siku hiyo mpaka akakohoa, akanipa binti yake.

Siku ile ng'ombe ilizaa kwa boma ya mzee, bibi yangu aliniangalia tu. Akasema, "Shukuru Mungu, bwana. Huyo mchoraji angechora kundi nzima, ungenioa lini?"