Uso wa Baba Chini ya Vanishi

Mama alikuwa akimfuta baba kwa kidole chake mwenyewe. Kila jioni, akimaliza rozari, alipitisha kidole kwenye shavu la picha ya marehemu, na wino wa mashine za siku hizi hauvumilii jasho. Alipopanda nayo Mbinga kuja kwangu kutibiwa kifua, shavu la kushoto lilikuwa limeshapauka na sikio lilikuwa linaelekea huko huko.

Nilimfokea. Mimi ni mtu wa kufoka, nimeshasemwa sana kwa hilo. Nikaitundika picha juu ya mlango, mahali ambapo mkono wake haufiki, na siku zote alizokaa kwangu mama alikula akiutazama mlango kama mtu anayengoja mgeni.

Kuna atakayeniuliza kwa nini nisiipige kwa simu nikachapisha nyingine. Nilifanya hivyo. Nikaleta kubwa, yenye fremu. Mama akaitazama kwa adabu, kisha akasema, "Huyu hajawahi kufika nyumbani kwangu." Ile ya kwanza baba aliibeba mwenyewe kutoka studio ya hapa mjini, ameizungushia shati, akashuka nayo mpaka ziwani. Aliyoitaka ni hiyo tu.

Ikabaki siku moja arudi Mbamba Bay, kwenye unyevu wa ziwa. Namjua mama yangu: nikimkataza ataitikia, na akifika atagusa. Nikaenda kwa fundi wa studio, akaniuzia kopo la vanishi ya kupuliza, ya kukinga wino usifutike.

"Dada, puliza kwa mbali, kama unahema," akanielekeza. "Ukiimwaga yote mara moja wino utachuruzika, na mzee ndiyo basi tena. Tabaka jembamba, likauke, kisha lingine. Na usithubutu karibu na moto, hii inalipuka."

Nilijaribu kwanza kwenye picha yangu, iliyochapishwa pale pale studio, ambayo nimeichukia tangu siku ya kwanza. Ikang'aa. Nikadondoshea maji, hayakuacha alama. Basi nikamshusha baba, nikamlaza juu ya gazeti kwenye kichanja cha kuanikia kahawa nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa zuri.

"Ngoja kwanza nimsalie," mama akasema.

Akasali. Akamaliza, akawakumbuka na marehemu wengine, nao wakaombewa mmoja mmoja. Mimi nilisimama na kopo mkononi, natafuna mdomo. Alipofika kwenye amina, ukungu ulikuwa umeshashuka kwenye mibuni na gazeti limeanza kulegea. Basi la mama lilikuwa la alfajiri. Nikapuliza.

Baba akageuka mweupe. Macho, pua, masharubu, vyote vikazama chini ya utando kama wa maziwa.

"Umemfanya nini?" mama akauliza. Hakupaza sauti. Afadhali angenifokea.

Nikampigia fundi.

"Umepuliza kwenye unyevu, dada. Usiguse wala usipanguse. Mpeleke mahali pakavu penye joto, kisha puliza tena, kidogo sana. Mara nyingine hurudi."

"Mara nyingine?"

"Mara nyingine."

Kwangu mahali pakavu penye joto palikuwa jikoni, na jikoni kulikuwa na moto wa maharage. Tukautoa. Mama, na kifua chake kile kibovu, akabeba kuni zinazofuka mpaka uani, mimi nikazoa makaa kwa koleo, nikarudi kupekua majivu nisije nikaacha hata cheche. Kuta zilikuwa bado na joto. Nikafungua dirisha, nikamwambia mama atoke kwa ajili ya kifua chake. Akavuta kitenge mpaka puani, akabaki.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Siku ile kila kitu kilikuwa kimeshatokea; leo kidole kilichokuwa juu ya kopo kilikuwa changu. Nikapuliza mara moja, mkono ukipita bila kusimama.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ukosi wa shati ukajitokeza, kisha kidevu, kisha masharubu. Macho yalichelewa. Yalipokuja, nikakaa kwenye kigoda. Shavu lililopauka lilibaki vile vile.

Tulingoja mpaka vanishi ikakauka kabisa.

"Haya, mguse," nikamwambia mama. "Mguse utakavyo, hafutiki tena."

Mama aliweka kiganja kizima pale usoni, akakiacha hapo.

"Amekuwa laini," akasema. "Na wa baridi."

"Ni vanishi, mama."

"Najua. Ndivyo alivyokuwa nilipomshika mara ya mwisho, kabla hawajafunga sanduku."

Nikanyoosha mkono nimpokee ile picha. Akaivuta kwake, na kiganja hakukiondoa.