Gari la Tabo Lililosemwa Limeuzwa

Nilitaka gari lenye mbio. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo kuna ndugu wanaodhani nilitafuta gari la kubebea magunia, ikatokea tu kwamba lina tabo, kile kifaa cha kuipulizia injini hewa ipate nguvu. Hapana. Nilitaka tabo. Nilitaka gari ambalo ukiligusa linaitika, na nilitaka liwe la kila siku, si la kuosha Ijumaa na kuegesha mbele ya nyumba watu walitazame.

Kazi yangu ni kufundisha udereva hapa Nachingwea. Siku nzima nakaa kiti cha kushoto cha gari lililochoka, mwanafunzi kaukamata usukani kama kakamata nyoka, tunazunguka mitaa kwa gia ya kwanza, na siku tukijaliwa, ya pili. Mwaka huu binti yetu wa pekee, Rukia, alikwenda shule ya bweni Masasi, nyumba ikanyamaza. Jioni nikawa natoka uani, naingia, natoka tena, nafagia palipokwisha fagiliwa. Mume wangu, Baba Rukia, ananitazama tu kutoka barazani na redio yake.

Kisha nikapewa darasa la mchana Ruangwa. Watu wengi kule wanatafuta leseni waombe kazi migodini. Asubuhi nifundishe Nachingwea, mchana Ruangwa, jioni nirudi kwangu. Mabasi hayaendi kwa saa za mtu, na msimu wa ufuta ile njia hujaa malori mazito yanayopanda milima kwa kutambaa. Ukitaka kulipita moja, ulipite na umalize, usiwe unabembelezana nalo. Mwenye chuo aliniambia wazi kwamba nisipofika Jumatatu na usafiri wangu, darasa analo mtu mwingine wa kumpa.

Alhamisi, Nachingwea. Nilitoka na shemeji yangu Bakari, mdogo wake Baba Rukia. Ni fundi wa magari, na kwa miaka yote sijawahi kuligusa gari bila kumuuliza. Alinipeleka kwa kijana mmoja mnunuzi wa korosho aitwaye Nasoro. Gari lilikuwa jekundu, limepigwa polishi mpaka unajiona meno, nyuma bomba la moshi pana kama mtungi.

"Dada, hili halina mpinzani hapa mjini," Nasoro alisema.

Niliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto.

"Mbona limechemka na sisi ndiyo kwanza tunafika?"

"Nilikuwa nakupashia, dada yangu. Nisikusumbue kusubiri."

Injini ya moto huficha mengi. Nilimwambia asiliwashe tena, nitarudi asubuhi. Bakari akanivuta pembeni. "Shemeji, utamuudhi mwenye mali. Gari zuri hili, lichukue." Nilimshangaa, maana yeye ndiye aliyenifundisha habari ya injini iliyopoa.

Usiku ule usingizi ulikuja kwa vipande. Nilijiona Jumatatu nimesimama stendi na begi langu, basi limeshaondoka.

Ijumaa asubuhi tulimkuta Nasoro bado na mswaki mdomoni. Nilimwomba aliwashe mbele yetu. Likakohoa, likashika, na nyuma ukatoka moshi wa samawati ukatanda mpaka kwa jirani aliyekuwa anakaanga maandazi.

"Huo umande tu, shemeji," Bakari alisema, anaangalia viatu vyake.

"Umande unanuka oili?"

Gari lile lilikuwa linakula oili, na kwa gari la tabo huo ni ugonjwa wa kuuguza kila mwezi. Isitoshe, bomba si lake la kiwandani, na nilipoinama chini nikaona mipira ya hewa imebadilishwa na nyaya zimeungwaungwa. Lilikuwa limechokonolewa ili lipige kelele. Nikamuaga Nasoro vizuri, nikaondoka.

Njiani nilimuuliza Bakari habari za gari la Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa mwanafunzi wangu zamani, siku hizi ana duka la vitenge Ruangwa, na nilisikia anauza gari lake la kijivu, lenye tabo pia. Nilikuwa nimemwomba Bakari ampigie, kwa kuwa yeye ana namba yake mpya.

"Limeuzwa, shemeji. Wiki nzima sasa. Lakini kesho nakupeleka Mbwemkuru, kuna mzee ana gari lililokaa tu, halijatembea."

Jumamosi tuliondoka na pikipiki ya Bakari mapema, mimi nyuma, kitambaa usoni. Vumbi jekundu lilikuwa mpaka kwenye nyusi. Mahali pengine barabara inatengenezwa na tulipelekwa pembeni kwenye mchanga, pikipiki ikayumba, nikamshika Bakari mabega. Kila lori tulilolifuata nililihesabia kosa lake: huyu hana taa ya breki, huyu anakata kona kwa upana. Siwezi kuacha. Tulipofika Ruangwa nilidhani tutasimama tunywe chai, lakini Bakari aliipita stendi na soko bila hata kugeuza shingo.

"Tutakula tukirudi!" alipiga kelele kwenye upepo.

Nililiona jambo hilo la ajabu. Bakari si mtu wa kuruka chai.

Mbwemkuru tulipokewa na Mzee Mkwanda, mkulima wa ufuta, mwenyeji wa maneno machache. Nilimwamkia, akaitikia, akatutengea mihogo ya kuchemsha na karanga, na tulipokwisha kula akatupeleka bandani. Gari lilikuwa la mwanawe aliye Dar es Salaam, aliliacha hapo akasema atalirudia. Maili zake chache kweli. Lakini matairi yote yalikuwa yamelala, mipira ya injini imekauka ikapasuka, na kuku alikuwa ameatamia kiti cha nyuma.

Nilichomoa kijiti cha oili. Kilitoka na kitu kizito kama lami.

"Mwanangu," mzee alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "mimi nakuuzia banda la kuku. Gari, kama lipo, mtaliona nyinyi."

Tulicheka wote watatu, hata kuku akanyanyua kichwa. Gari likikaa bila kutembea linaharibika kimyakimya, na tabo iliyozungushwa tena juu ya oili ya namna ile haifiki mbali. Nilimshukuru mzee kwa kunisemea kweli. Lakini tulipopanda pikipiki nilihesabu siku zilizobaki. Jumamosi ilikuwa inakwisha.

Mchana, Ruangwa. Safari hii njaa ilimshinda Bakari, tukasimama kwenye mgahawa karibu na soko. Wali haujaja, macho yangu yanazurura barabarani kama kawaida, nikaliona. La kijivu, lenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, linaegeshwa taratibu mbele ya duka la vitenge. Mlango ukafunguliwa, akatoka Mwanaidi mwenyewe, tumbo mbele.

Nikainuka. Bakari akasema, "Shemeji, chakula," lakini nilikuwa nimeshavuka.

"Mwalimu!" Mwanaidi alinikumbatia kwa ubavu, tumbo halikuruhusu vingine. "Umekuja kuniona?"

"Nimekuja kuliona gari. Nasikia umeliuza."

"Nimeliuza? Kwa nani? Si shemeji yako alinipigia, akasema mwalimu amebadili nia, hataki tena gari? Na mimi naambiwa nabeba mapacha, nataka gari la viti vingi, nipo hapa nahangaika na wanunuzi wanaotaka kulijaribu kwa fujo tu."

Niligeuka. Bakari alikuwa amesimama katikati ya barabara, hajui arudi kwenye wali au aje. Akaja.

Sikutaka kumgombeza mbele ya Mwanaidi. Nilimwomba tu anifungulie boneti na aniruhusu nisubiri injini ipoe kabisa. Akatuletea stuli mbili kivulini mwa duka, akaenda kuhudumia wateja. Tukakaa, mimi na Bakari, tunalitazama gari linapoa. Sijawahi kusubiri vibaya vile. Nilisimama, nikalizunguka, nikakaa, nikasimama.

"Nani amekutuma?" nilimuuliza mwishowe.

"Shemeji..."

"Bakari. Umenipeleka kwa gari linalotoa moshi ukasema umande. Umenipeleka kwa kuku. Nani?"

Aliifuta mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Kaka," alisema. "Aliniambia nikuzungushe mpaka uchoke. Jumatatu ipite. Anasema tangu mtoto aende shule hutulii ndani, na ukipata gari lenye mbio na kazi Ruangwa, ndiyo basi tena. Mimi nilikataa, shemeji. Kisha nikakubali. Ni kaka yangu."

"Na la Nasoro ungeniacha nilinunue?"

"Lisingekufikisha Ruangwa mara mbili," alisema. Machozi yalimlengalenga, na mimi hasira ilinipanda mpaka masikioni, lakini nilijua sitaimaliza kwa Bakari. Mwenyewe alikuwa Nachingwea, barazani, na redio.

"Basi leo utafanya kazi yako ya ufundi," nilimwambia. "Lichunguze hili kama unalinunua wewe."

Akalichunguza. Sijamwona Bakari akifanya kazi namna ile. Alilala chini ya gari, akatafuta dalili za kuvuja, akapapasa kila mpira, akatazama maji ya rejeta kama yana oili, akalinganisha matairi yote manne kama yameliwa sawasawa. Bomba lilikuwa lile lile la kiwandani. Aliponyanyuka alisema, "Halijaguswa." Injini ilipokuwa baridi kabisa nilimwachia Mwanaidi aiwashe, nikasimama nyuma. Mvuke kidogo, kisha hewa safi.

Mwanaidi aliniachia usukani, naye akakaa pembeni. "Nafanya ulivyonifundisha," alisema. "Asubuhi silikimbizi mpaka lipate joto. Nikitoka mbali siizimi injini hapohapo, naiacha ingurume kidogo ipumue. Oili namwaga mapema, sisubiri fundi aseme." Aliyesema hayo ndiye aliyewahi kulia nikimwambia aingie barabara kuu.

Nje kidogo ya mji palikuwa wazi. Nikashusha gia, nikabonyeza. Kwanza kimya cha kuvuta pumzi, kisha mluzi mwembamba chini ya boneti, na mgongo wangu ukabandikwa kitini. Sikupiga kelele, Mwanaidi ndiye aliyepiga. Nikapunguza, nikafunga breki, nikaachia usukani kidogo nione kama linavuta upande. Likaenda kama uzi.

Tulipatana bei, malipo na makaratasi tukayamaliza siku ileile mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Jioni, njiani kurudi. Bakari alitangulia na pikipiki, nami nikamfuata pole pole. Ningeweza kumpita mara kumi. Nilikuwa na gari nililolitaka na sikuwa na furaha nalo, natunga maneno ya kumwambia mume wangu, nayafuta, natunga mengine makali zaidi. Malori mawili tu niliyapita, tena kwa adabu.

Nachingwea tuliingia kabla ya magharibi. Baba Rukia alikuwa amesimama nje, redio imezimwa. Alilitazama gari, akamtazama mdogo wake, akaelewa. Bakari alipita bila kuamkia.

"Ingia," nilimwambia.

Akaingia, akafunga mkanda bila kuambiwa. Nilichukua njia ya Naipingo.

"Ungeniambia," nilianza, na yale maneno makali yote yakawa yamenikimbia.

"Ningekuambia nini? Kwamba mwanaume mzima naogopa mke wangu akipata gari?"

"Ndivyo ungesema. Maneno hayo hayo."

Aligeuza uso dirishani. "Unazunguka uani kila siku kama umepoteza kitu. Nikasema, huyu anatafuta njia ya kutoka."

"Ningetaka kukuacha, Baba Rukia, mabasi yapo kila siku. Nisingehangaika na habari za oili."

Alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kikohozi. Kisha akasema amekosa. Akasema pia kwamba kwa Bakari amekosa zaidi, kwa kumfanya mdogo wake muongo. Sikumwambia yameisha, maana yalikuwa hayajaisha. Lakini tulipotoka kwenye nyumba za mwisho na barabara ikanyooka mbele yetu, alishika mpini wa juu ya mlango akaniambia, "Haya, kanyaga kidogo nione."

Nikakanyaga.

Watu wananiomba ushauri sasa, jinsi ya kupata gari la tabo litakalodumu. Nawaambia walikute injini imepoa, waliogope linalong'aa sana na lililolala sana, na wamtafute aliyekuwa analiendesha kila siku bila kujionyesha. Wamchunguze pia anayewapeleka. Nimejifunza kwamba mtu akikuelekeza pabaya huenda si adui. Huenda ni wa nyumbani kwako, na ana hofu ambayo hukuwahi kumuuliza.

Jumatatu, nilipokuwa natoka kwenda Ruangwa, Baba Rukia alisimama karibu na dirisha la gari na kikombe chake mkononi, akaniuliza nitarudi saa ngapi. Nikamwambia sijui, inategemea wanafunzi.

"Haya," alisema, akaingia ndani kumalizia chai yake.