Nilimdanganya Dada Kwamba Nimeshamwambia Daktari

Kosa ni langu, si la daktari wala la dada. Jamani, naliandika kwa sababu kulitamka nimeshindwa.

Nina digrii ya ualimu wa Kiingereza, ajira sina. Nyumbani Makere nina daftari la misemo ninayoikariri kila siku. Ukurasa mmoja ni wa kusikiliza tu. "Listen to" ni kusikiliza kinachosikika tayari. "Listen out for" ni kutega sikio usubiri sauti ambayo bado haijafika. Ukurasa ule niliujua kama jina langu!

Siku moja zahanati yetu ilipata daktari mgeni asiyejua hata Kiswahili. Muuguzi alikuwa amezidiwa na foleni. Dada yangu alimbeba mwanawe Evelina, wa miaka mitatu, akanivuta mkono.

"Twende unisemee. Digrii ya nini kama si leo?"

Nikatafsiri homa iliyokwisha wiki iliyopita. Nikatafsiri kukosa hamu ya kula. Kisha dada akaongeza kwa Kiha chetu: "Mwambie zamani alikuwa anaitegea sikio pikipiki ya baba yake. Ikiwa bado kule bondeni, huyu yuko mlangoni! Sasa inazimwa uani kwetu na hageuki."

Nikaanza: "She used to listen..." Listen to? Listen for? Listen out for? Nyuma yangu alikaa mwalimu wangu wa Kiingereza wa sekondari. Nikahisi ananisubiri nikosee. Nikaikatisha sentensi, nikasema, "She is fine now." Nikimaanisha sasa hajambo.

"Umemwambia ya pikipiki?" dada akauliza.

"Nimeshamwambia."

"Mbona fupi hivyo?"

"Kiingereza ni kifupi, dada."

Akacheka. Aliniamini! Tulipogeuka kutoka, nikamwona mwalimu amesinzia, mdomo wazi.

Miezi ikapita ndipo tukafika kwa daktari wa masikio, mbali na huku. Akasema sikio moja limekufa, la pili limebaki kidogo sana. "Mngewahi, kuna dawa tungejaribu."

"Tulisema mapema, daktari," dada akajibu. "Mdogo wangu huyu alisema, tena kwa Kiingereza."

Nilitazama viatu vyangu.

Siku hizi shemeji akirudi huzima pikipiki, akaja hadi kumgusa Evelina bega. Ndipo mtoto anashtuka na kucheka. Mimi huwa nimeisikia tangu bondeni, kila jioni.

Wewe unayesimama kumsemea mtu, nakusihi, sema! Sema vibaya, ukosee, onyesha kwa mikono, watu wakucheke hadi walie. Kicheko kingeisha siku ile ile. Na kama umeruka neno, rudi uliseme kabla hujatoka mlangoni. Mimi nilikuwa na mlango ule, nikaupita.

Dada bado hajui. Jana aliniomba nimsindikize tena kwa yule daktari mgeni, nikamsemee, kwa sababu mimi nasema vizuri.