Maswali Thelathini ya Fundi Saa

Alipotangaza kwamba anakwenda kusomea shahada ya elimu ya uzee, baba yake, dereva wa malori, alisema uzee hausomewi, unakuja wenyewe bila kuitwa. Chuoni wenzake wakambandika jina la Mkongwe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Jina akalipokea, somo akalipenda kwa dhati.

Mwaka wa tatu alipelekwa kwa mafunzo ya vitendo kwenye nyumba ya kutunzia wazee, jengo lenye ukumbi mrefu na viti vya plastiki vilivyoelekezwa mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuwapima wazee kumbukumbu. Alipewa karatasi ya maswali thelathini: leo ni siku gani, hapa ni wapi, rudia maneno haya matatu, nakili mchoro huu. Kila jibu sahihi, alama moja.

Wa tisa kupimwa alikuwa fundi saa mstaafu. Mkewe alishafariki, na mwanawe wa pekee alikuja kila Jumapili na magazeti, wakayasoma kimya, kila mtu na kurasa zake. Mkongwe alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba. Alipomuuliza leo ni siku gani, mzee alijibu kwamba ameshakula, ahsante. Alipomuuliza hapa ni wapi, akatabasamu na kusema miguu inasumbua kidogo. Mwishowe alipata alama nne, zote za kuchora na kuandika.

Mkongwe akaandika kama alivyofundishwa: kumbukumbu imeharibika sana. Msimamizi wa nyumba akatia sahihi juujuu. Jumapili mwana alipokuja, msimamizi alikuwa na wageni, hivyo Mkongwe ndiye aliyemweleza. Alichagua maneno laini. Alisema hali imefika mbali, na huenda baba yake hamtambui tena.

Mwana aliuliza kama kuna maana ya yeye kuendelea kuja. Mkongwe akasema huo ni uamuzi wa familia. Mwana alikuja Jumapili mbili zaidi, kisha akakata mguu. Fundi saa akahamishiwa chumba cha nyuma, walikowekwa wasiojitambua, chenye komeo upande wa nje.

Miezi minne ilipita. Mchana mmoja Mkongwe aliingia na sinia ya chakula, akamkuta mzee ameifungua saa ya mwenzake kwa mpini wa kijiko. Alichokoa kitu ndani, akafunga, kisha hakuipeleka sikioni. Aliibana kwa meno, akafumba macho, akatulia kama mtu anayeusikiliza mdundo wake kupitia meno. Akaitoa, akairekebisha, akaibana tena.

Mkongwe alisimama nyuma yake akapiga makofi. Mzee hakugeuka. Akapiga tena kwa nguvu, wengine wote wakageuka. Kisha akaandika kwenye daftari lake: Babu, unanisikia?

Mzee alisoma, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwaka wa pili huu. Nilidhani mnajua."

Kuhusu kufungiwa, alidhani ni agizo la mwanawe, naye hakutaka kumlalamikia mtoto mbele za watu.

Muuguzi wa masikio alifanya kazi siku tatu, kwa matone na maji ya vuguvugu. Nta iliyotoka ilikuwa ngumu kama punje za mahindi. Umri nao ulikuwa umechukua sehemu yake, lakini sikio la kulia likaweza kumsikia mtu akisema karibu. Mkongwe akainama kumsalimu. Safari hii mzee hakuitikia.

"Mjukuu wangu," alisema, "uliniuliza maswali thelathini. Hukuniuliza kama nasikia."

Mkongwe alimpigia simu mwana, naye akaja kesho yake bila magazeti. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Niliambiwa hunijui tena, baba."

"Na wewe ukaamini."

Mwana alirudi Jumapili iliyofuata, akamkuta baba amelala, akamwachia matunda. Katikati ya wiki homa ya mapafu ikamchukua fundi saa. Mkongwe aliomba ripoti yake isahihishwe. Msimamizi akamjibu kwamba faili la marehemu halisahihishwi, linafungwa.

Alihitimu vizuri, na idara ikamwahidi nafasi ya shahada ya uzamili katika elimu ileile ya uzee. Akaikataa, akaomba sayansi ya usikivu. Huko walimtaka kwanza asome mwaka mzima fizikia ya sauti na maumbile ya sikio, pamoja na vijana waliomaliza sekondari juzi. Mama yake alimuuliza kama wazee wamemshinda. Akasema hapana.

Siku hizi hupima masikio katika kliniki ya ghorofa ya chini, ndani ya chumba kidogo kilichozibwa sauti, na wengi wanaoingia ni wazee. Wenzake humsifu kwa uvumilivu. Yeye hulipokea neno hilo bila furaha.

Alimwandikia mwana wa fundi saa barua, akikiri kwamba ripoti ile na maneno yale yalikuwa yake, wala si ya daktari yeyote. Hakujibiwa. Akaandika ya pili. Hiyo ilirudi ikiwa haijafunguliwa, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mwenyewe amehama, haijulikani alikokwenda.