Ukurasa Uliosema Imeshindikana

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua nyanya nageuza kila moja, na mtu akinisalimu kwa furaha iliyozidi najiuliza anataka nini. Hili nililitoa kwa baba. Alikuwa mchonga vinyago, na hakuwahi kumwachia dalali kinyago hata kimoja bila kukitia alama ya siri chini ya kitako. "Mtu akikuchekea sana," alizoea kutuambia, "angalia mkono wake mwingine." Nimekulia Eastlands, Nairobi, na maneno hayo, na kwa miaka mingi yalinifaa.

Kazi yangu ni kuunda kurasa za mtandao. Kliniki moja ndogo ya macho huko Baba Dogo iliniita nije niwasaidie na foleni. Daktari mwenye kliniki, mama wa maneno machache, alikuwa ametenga Jumanne iwe siku ya kuwatibu wazee bila malipo, wazee ishirini tu. Watu walikuwa wakifika alfajiri na kusukumana getini. Alitaka waweke miadi kwa simu. Unafungua ukurasa Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, unaandika jina na nambari ya simu, unabonyeza kitufe, unapewa nambari ya miadi. Nilimaliza kwa wiki mbili nikajipiga kifua.

Haukupita mwezi daktari akanipigia. Nafasi zote ishirini zinajaa mapema, akasema, lakini Jumanne wanafika wazee tisa au kumi. Waliobaki hawaonekani. Na nje ya geti kuna wazee wengine wanaolalamika kwamba ukurasa umewakataa.

"Kuna mtu anatuchezea," nilimwambia, na nikajisikia nimepata kazi ninayoipenda.

Nilifungua kumbukumbu za seva, ile kompyuta ya kukodi inayopokea maombi yote na kugawa nafasi. Sikutafuta sana. Majina matano tofauti yalikuwa yameingia kutoka nambari moja ya simu, moja baada ya jingine, yamepishana kwa dakika. Chini kidogo kulikuwa na majina mengine manne, nambari ileile. Nambari hiyo nilikuwa nayo kwenye simu yangu. Ilikuwa ya dada wa mapokezi.

Alikuwa mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Baba Dogo, wa familia ya Kiislamu ambayo babu yao alitoka pwani zamani. Kila nilipoenda pale alinikaribisha chai ya tangawizi, na kila mara nilijiuliza kwa nini. Sasa nilijiona nimepata jibu.

Nilizichapisha zile kumbukumbu nikazipeleka Jumanne, wazee wakiwa wamejaa kwenye mabenchi ya barazani. Nikaziweka mezani kwa daktari. "Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Anajaza majina hewa, halafu anauza nafasi." Mlango ulikuwa wazi na sikushusha sauti.

Daktari akamwita. Dada aliitazama ile karatasi.

"Hii ni simu yangu, sikatai," alisema. "Wazee wengi hapa wana simu za kamulika mwizi, hazina mtandao, hawawezi kufungua huo ukurasa. Mimi huwaandikia. Ukurasa ukikataa, najaribu tena."

"Na majina matano tofauti?" nilimuuliza.

"Ukikataa jina moja, unajaribu lingine."

Nikacheka. Ati jina! Ulikuwa uongo ambao hata mtoto angeona haya kuusema. Daktari alikunja karatasi akamwambia aende nyumbani kwanza, mpaka mambo yajulikane. Dada akachukua leso yake na chupa ya chai akapita katikati ya mabenchi, wazee wakimtazama. Nilikuwa nimemwaga unga wa mtu, na sitaficha, niliona raha.

Jumanne iliyofuata walikuja wazee wanane. Wenye akili wangejiuliza. Mimi nilimwambia daktari lazima kuna mshirika aliyebaki, na nikaanza kumwangalia soja wa getini kwa jicho la pembeni. Alikuwa mzee mpole anayesoma gazeti la juzi. Nilimshuku hata kwa upole wake.

Ijumaa moja saa kumi na mbili asubuhi nilishuka kununua maziwa kwenye duka la chini ya ploti yetu, jengo la kupanga huko Kayole, begi la kompyuta likiwa begani. Mwenye duka ni mama mzee, naye pia asili yake pwani, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo unitazamie. Kuna hospitali inanikataa humu ndani ya simu."

Nilitazama nikaona ukurasa wangu. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa vizuri. Akabonyeza kitufe, na lile duara dogo nililolichora mwenyewe likaanza kuzunguka. Likazunguka, likazunguka, halafu likatoweka, na maneno yakatokea kwa rangi nyekundu: Imeshindikana. Tafadhali jaribu tena.

Mama akatikisa kichwa. Akafuta jina lake lote na kuandika jingine.

"Mbona unabadilisha jina, mama?"

"Si wamelikataa lile."

"Hapana, haiwezi kuwa jina."

Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Wewe jina lako halijawahi kukukatalia kitu," alisema. "Mimi kitambulisho nilikihangaikia mpaka nikazaa watoto watatu. Naenda ofisini, naulizwa babu yako alizaliwa wapi. Naleta karatasi, naambiwa rudi kesho. Siku nilipoongeza jina la babu upande wa mama ndipo wakanisikia. Sisi mlango ukifungwa tunajaribu jina lingine. Ndivyo tulivyozoea."

Akabonyeza tena. Duara likazunguka. Imeshindikana. Akaandika la tatu, la babu.

Nikaketi juu ya kreti ya soda, nikafungua kompyuta na kuingia kwenye kumbukumbu za seva, mteja mwingine akinirukia miguu kufuata mkate. Jina la kwanza la mama: limepokelewa, nafasi ya tisa. Jina la pili: limepokelewa, nafasi ya kumi na moja. Nikasubiri kidogo, na la tatu likaingia mbele ya macho yangu: nafasi ya kumi na nne. Lilichukua sekunde kumi na sita.

Mimi nilikuwa nimeuamuru ukurasa usubiri sekunde kumi tu. Nilichagua kumi kwa sababu nilipoujaribu nyumbani kwangu, kwa waifai yangu nzuri, jibu lilirudi kwa sekunde mbili. Sikuwaza kwamba Ijumaa saa kumi na mbili mtaa mzima ungebisha kwa pamoja kwenye seva ile ya bei ya chini. Maombi yalikuwa yakifika. Nafasi zilikuwa zikishikwa. Nambari ya miadi ilikuwa njiani ikirudi, lakini ukurasa ulikuwa umeshaacha kusikiliza. Haukujua kama ombi limefika au limepotea. Na badala ya kusema haujui, ulisema imeshindikana. Neno hilo niliandika mimi, kwa vidole vyangu, sikulifikiria hata dakika moja.

"Umeshaingia, mama," nilimwambia. "Umeingia mara tatu."

"Basi kwa nini inasema nimekataliwa?"

Nilifunga kompyuta nikapanda nyumbani mbio. Nilisahau hata maziwa.

Jumamosi na Jumapili nilizimalizia kwenye kompyuta. Kila fomu inapofunguliwa sasa inapewa alama yake, kwa hivyo hata mtu akibadilisha jina mara kumi, seva inatambua ni ombi lilelile na inashika nafasi moja. Jibu likichelewa, ukurasa hauamui wenyewe. Unasema: Bado hatujui kama ombi lako limefika. Usiandike tena, tunaangalia. Kisha unairudia seva na kuiuliza, mpaka ijibu. Nilimpigia daktari simu nikamweleza yote. Alisema hayo maneno mapya hayampendezi, kwamba kliniki haiwezi kuwaambia watu haijui. Hapo nilimkalia ngumu, nikakataa kuyaondoa.

Jumatatu nilikwenda Baba Dogo, nikauliza nyumba ya dada wa mapokezi. Alikaa nyuma ya kiwanda cha plastiki, kwenye safu ya vyumba vya mabati. Nikapiga hodi. Alitoka akasimama mlangoni, na hakusema karibu.

Nilimweleza seva, sekunde kumi, majina, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa na unga wa chapati.

"Umemaliza?"

"Ndiyo. Nisamehe, dada."

"Wanangu wanaulizwa madrasa kama ni kweli mama yao anauza macho ya wazee," alisema. "Uliniita mwizi wapi?"

"Kwa daktari. Ofisini."

"Mlango ulikuwa wazi. Nilipitia wapi kutoka?"

Nikakumbuka mabenchi.

"Basi usiniletee msamaha hapa jikoni kwangu. Kauseme palepale."

Nilipokuwa narudi kituoni, tabia haina dawa, nilianza kuwaza kwamba anataka tu kuniaibisha. Nikawaza hivyo mpaka nikafika nyumbani. Kisha nikawaza kwamba hata kama anataka, ana haki.

Kesho yake, Jumanne, baraza lilikuwa limejaa. Dada alikuja, lakini hakuingia; alisimama nje ya geti karibu na soja, leso begani. Nilisimama mbele ya mabenchi nikasema kama mtoto anayekariri shairi.

"Wazee wangu, shikamooni. Huyu dada wa mapokezi hakuuza nafasi ya mtu yeyote. Ukurasa nilioutengeneza mimi ndio uliowadanganya, na mimi ndiye niliyemsingizia."

Mzee mmoja aliyekuwa na bendeji kwenye jicho la kushoto akainua fimbo yake kidogo.

"Ni wewe uliyesema ni mwizi?"

"Ni mimi, mzee."

"Siku ile tulikuwa tumekaa hapa hapa. Mimi, huyu, na yule mama pale. Sote aliyetuandikia ni yeye, kwa simu yake, kwa bando lake. Ulituuliza?"

"Sikuuliza, mzee."

"Tulikuwa hatua tano kutoka mlangoni," alisema, na akalishusha lile jicho moja.

Nilitamani aendelee kunigombeza. Daktari alitoka, akaenda hadi getini, akasema naye maneno ambayo sikuyasikia. Dada akaingia. Alipita katikati ya mabenchi, wazee wakimshika mkono mmoja mmoja, mpaka akafika mezani kwake. Akalivuta daftari, akaisoma orodha, kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Na wewe toka mlangoni," alisema. "Unawazibia wazee njia."