Breki ya Mteremko wa Kibakwe

Evodia Methusela alikuwa kidato cha tatu pale wanafunzi wa ufundi walipoambiwa wabuni kitu cha kuwafaa watu wa kwao. Wenzake wengi walichagua majiko na viti. Yeye alisema breki ya mkokoteni.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tangu biashara ya mazao ilipoachiwa huru, malori ya wafanyabiashara yalikuwa yakisimama barabarani chini ya milima ya Kibakwe, na aliyewahi kufika na maharage ndiye aliyeuza. Watu wakawa wanateremsha mikokoteni ya ng'ombe mbiombio, imejaa hadi inalia. Baba yake, mzee Methusela, alikanyagwa na mkokoteni wake mwenyewe mteremkoni, na tangu hapo alitembea akiburuta mguu.

Breki yenyewe ilikuwa vibao viwili vya mninga vilivyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Aliyekaa juu akivuta mkono wa chuma, vibao vinabana magurudumu. Evodia alichora na kuchonga. Hamza, mwenzake kutoka Kondoa, alichomelea vyuma.

Asubuhi ya majaribio Evodia alipitisha kidole kwenye kiungo cha ule mkono. Palikuwa na mabonge mabonge, kama uji uliopikwa kwa haraka.

"Hamza, hapa pameshika kweli?"

"Pameshika. Nimepagonga kwa nyundo." Alijibu huku akifunga magunia ya mchanga, bila kumtazama.

Evodia akamwendea Mwalimu Ebenezer, msimamizi wa karakana. "Mwalimu, naomba tuahirishe."

"Afisa elimu ameshafika, wazee wamejipanga njiani. Kuna nini?"

Akamwangalia Hamza aliyeinama pale kwenye magunia. "Hakuna kitu, Mwalimu. Ila kwenye breki nitakaa mimi."

Mzee Methusela alikuwa ameleta maksai wake wawili. Akashika kamba, akatangulia mbele yao kama kawaida yake.

Mteremko ulipoanza Evodia alivuta. Vibao vikabana, mkokoteni ukapunguza mwendo, wazee wakaguna kwa kuridhika. Wakafika kwenye kona, penye mteremko mkali kuliko kote. Akavuta tena. Kitu kikalia *kwaa*, na mkono wa breki ukabaki mikononi mwake, umekatika kabisa.

Mzigo wote ukawaelemea ng'ombe. Wakaanza kukimbia.

"Baba, pisha! Toka mbele!"

Hakutoka. Aliivuta kamba kwa nguvu zake zote kuelekea upande wa mlima, akirukaruka kwa mguu ule mmoja mzima. Gurudumu likapanda ukingo, mkokoteni ukapinduka, na Evodia akarushwa kwenye mawe.

Alipoinua kichwa hakuona kitu ila vumbi. Akatambaa, mkono wa kushoto ukining'inia, akimwita baba yake. Ndipo akamwona, amekaa chini kando ya ng'ombe, kamba bado imezungushwa kiganjani, anahema.

Hamza alifika mbio, machozi yanamtoka. "Ni mimi. Jenereta ilizima katikati ya kuchomelea, nikaogopa kusema."

"Na mimi niliona," Evodia akasema, "nikanyamaza."

Afisa elimu alitangaza palepale kuwa kazi hiyo ikomeshwe. Mzee Methusela akainua uso.

"Mwanangu, kabla haijakatika, ilishika au haikushika?"

"Ilishika, baba."

"Hata mimi nilihisi. Ng'ombe walilegeza shingo. Pale mteremkoni sijawahi kuwaona wakilegeza shingo." Akamgeukia mwalimu. "Waache watengeneze huo mkono wa breki."

Mwalimu Ebenezer akamshawishi afisa elimu, kisha akakubali, ila kwa sharti: waanze na mkokoteni mtupu, waongeze mzigo kidogo kidogo, na mbele ya ng'ombe asisimame mtu.

Safari hii mkono wa breki ulikuwa chuma kimoja kilichopindwa motoni, hakina kiungo. Siku ya mzigo kamili Hamza aliomba akae yeye. Evodia, mkono ukiwa kwenye plasta, alitembea kando kutoka juu hadi kwenye kona, na kutoka kwenye kona hadi barabarani. Hamza akavuta, mkokoteni ukasimama taratibu. Mfanyabiashara mmoja akatoka kwenye lori lake kuuliza wanauza nini.

"Mchanga," Hamza akamwambia, na wote wakacheka mpaka Evodia akalazimika kukaa chini.

Baadaye Evodia akawa mwalimu wa karakana huko Mpwapwa. Mkono wake haukunyooka vizuri tena. Wanafunzi walimwona mkali, kwani alikagua kila kiungo kwa kidole, na mwanafunzi akishusha macho, yeye alisogeza kiti, akakaa, akasubiri aambiwe ukweli.